Hesabu ya kumbukumbu nayo hula kumbukumbu

Leo tuongee hesabu. Si zile za darasani zilizotutoa jasho, bali zile ambazo keneli ya Linux hufanya kimyakimya kila programu inapoomba kumbukumbu: nani amechukua, amechukua kiasi gani, na je, amefika kikomo chake?

Najua mada hii haina mbwembwe. Huwezi kumpigia mtu picha ya hesabu ya kumbukumbu ukamtumia ajionee. Lakini kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa kazi yangu kubwa imekuwa kushindilia makontena mengi ndani ya seva chache, kwa mteja anayelipia seva kwa dola ilhali yeye analipwa kwa shilingi. Katika kazi ya namna hiyo, asilimia moja ya kumbukumbu si kitu cha kudharau. Ndiyo sababu nilianza kusoma msimbo wa keneli jioni baada ya kazi, nijue hasa zinaenda wapi zile megabaiti ambazo hakuna programu inayokiri kuzitumia. Nilichokuta humo ni hadithi ya karani ambaye amekuwa akitafuta, tangu 2008, njia ya kuandika daftari bila kusimamisha duka.

Tuanze na msingi, kwa wale ambao keneli kwao ni jina tu. Keneli ndiyo kiini cha mfumo endeshi. Ndiyo inayoshika maunzi na kuyagawia programu. RAM huigawa vipande vinavyoitwa kurasa, na katika tarakilishi nyingi ukurasa mmoja ni baiti 4096. Seva yenye gigabaiti 16 basi ina kurasa 4,194,304. Shika namba hiyo, tutairudia.

Zamani keneli ilihesabu kumbukumbu kwa kila mchakato peke yake. Hilo lilitosha wakati seva moja ilikuwa ya mtu mmoja. Wahandisi wa Google, Paul Menage na Rohit Seth, walianza mwaka 2006 kutengeneza njia ya kuweka michakato katika vikundi, ili kikundi kizima kiweze kupewa kipimo chake. Msingi wa kazi hiyo uliingia Linux 2.6.24 Januari 2008. Miezi mitatu baadaye, katika 2.6.25, ikaingia sehemu ya kudhibiti kumbukumbu, ambayo Balbir Singh wa IBM alikuwa msitari wa mbele kuiandika. Docker iliyokuja 2013 na Kubernetes ya 2014 zimesimama juu ya kazi hii. Ukiona kontena lako limekufa na limeacha namba 137, mara nyingi ni daftari hili lililosema "imetosha", keneli ikatuma ishara ya 9, na 128 ukijumlisha na 9 unapata hiyo 137. Programu haipewi hata nafasi ya kuaga.

Sasa, ili kuhesabu kwa kikundi, ni lazima kila ukurasa ujulikane ni wa nani. Toleo la kwanza lilifanya hivyo kwa njia ambayo mtu yeyote angeifikiria: pembeni ya rekodi ambayo keneli tayari inayo kwa kila ukurasa, kukawa na rekodi nyingine ya mwenyewe. Kuna wakati rekodi hiyo ilibeba vielekezi vitano. Kwenye mashine ya biti 64 kielekezi ni baiti nane, kwa hiyo ni baiti 40 kwa kila ukurasa. Rudi kwenye seva yetu: 4,194,304 mara 40 ni megabaiti 160. Umewasha mashine tu, hujaendesha chochote, na megabaiti 160 zimekwenda kwa karatasi za daftari ambalo bado halijaandikwa jina hata moja.

Ubaya wake ni kwamba ulilipa hata kama hukuwa na kontena hata moja. Ndiyo maana kwa miaka kadhaa Debian walitoa keneli yao hesabu hii ikiwa imezimwa. Ukiitaka, ulipaswa kuandika cgroup_enable=memory kwenye amri za kuwasha mashine. Wengi wetu tuliinakili amri hiyo kutoka maelekezo ya mtandaoni bila kujiuliza kwa nini kitu chenye manufaa hivyo kilikuwa kimefungiwa. Ndiyo sababu: kilikuwa ghali.

Hiyo ni gharama ya nafasi. Gharama ya muda ilikuwa mbaya zaidi, na hapa ndipo mambo yanaponoga.

Kila kikundi kilikuwa na kihesabio chake, kilichoitwa res_counter, na kila kihesabio kilikuwa na kufuli. Mchakato ukiomba ukurasa, keneli hushika kufuli, husoma idadi, huilinganisha na kikomo, huongeza, huachilia kufuli. Kwenye mashine ya prosesa moja hakuna neno. Kwenye mashine ya prosesa 32 zote zikihudumia kikundi kimoja, ni benki yenye wateja 32 na dirisha moja. Tena vikundi vina wazazi. Kontena liko ndani ya kikundi kikubwa, nacho kiko ndani ya kingine, na kila ukurasa lazima uandikwe kwa mtoto, kwa mzazi na kwa babu. Kufuli juu ya kufuli.

Hata ukiondoa kufuli, kuna tatizo ambalo chuoni tulilipitia kwa haraka sana. Prosesa haisomi RAM baiti mojamoja. Huchota mstari mzima, kwa kawaida baiti 64, na kuuweka kwenye kache yake. Ikitaka kuuandika, ni lazima iumiliki peke yake, na nakala zilizo kwa prosesa nyingine zifutwe. Kwa hiyo kihesabio kimoja kinachoandikwa na prosesa 32 hakikai mahali. Kinatupwa huku na huku kama kiazi cha moto, na kila anayekidaka hutumia muda mwingi kukisubiri kuliko kukiongeza. Kujumlisha moja ni kazi rahisi kuliko zote ambazo tarakilishi hufanya. Kujumlisha moja mahali ambapo kila mtu anajumlisha ni miongoni mwa kazi ngumu.

Dawa ililetwa mwaka 2009 na KAMEZAWA Hiroyuki wa Fujitsu, na kwa Mkenya yeyote haihitaji maelezo marefu. Fikiria mtu mwenye vibanda ishirini vya M-Pesa mjini. Je, kila mteja anapokuja kuweka mia mbili, kijana wa kibandani humpigia tajiri simu kuomba ruhusa? Haiwezekani. Asubuhi kila kibanda hupewa floti. Tajiri huitoa kwenye daftari lake mara moja, na kijana anahudumia watu mpaka iishe, ndipo arudi kuomba nyingine.

Keneli ilianza kufanya vivyo hivyo. Prosesa inapohitaji ukurasa mmoja, huomba fungu zima kutoka kwenye kihesabio kikuu, huchukua mmoja, na zilizobaki huziweka kwenye akiba yake yenyewe. Maombi yanayofuata huhudumiwa hapo hapo bila kugusa kihesabio cha wote. Kwa miaka mingi fungu lilikuwa kurasa 32. Mwaka 2022 likaongezwa hadi 64.

Lakini angalia jambo hili, maana ndilo lililonifanya niheshimu kazi hii. Floti ikishagawiwa, daftari kuu halisemi ukweli tena. Linasema kikundi kimetumia kurasa ambazo bado hazijatumika. Chukua mashine ya prosesa 64: kila moja ikiwa na kurasa 64 mkononi, ni kurasa 4096, yaani megabaiti 16 zinazosemekana zimetumika na hazijatumika. Je, hilo ni kosa? Ndiyo, lakini ni kosa linaloegemea upande mmoja tu. Daftari linaweza kuonyesha zaidi ya kilichotumika, na kwa sababu ya floti haliwezi kuonyesha pungufu. Kikomo hakivukwi. Na kikundi kikikaribia kikomo, keneli hufanya kile tajiri angefanya jioni floti ikikauka: huzirudisha zote kutoka vibandani, kisha huhesabu upya kabla ya kumkatalia mtu. Nimeona mifumo mingi ya programu za kawaida ikiiga mbinu ya floti na kusahau hicho kipande cha pili.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ilikuja na Linux 3.19, Februari 2015. Johannes Weiner aliandika kihesabio kipya, page_counter, kisicho na kufuli kabisa. Na katika toleo hilo hilo ile rekodi ya pembeni ikaondolewa. Vielekezi vitano vilikuwa vimepunguzwa kidogokidogo kwa miaka mpaka kikabaki kimoja, nacho kikahamishiwa ndani ya rekodi ya ukurasa yenyewe. Kutoka baiti 40 hadi 8. Kwenye seva yetu ya gigabaiti 16, kutoka megabaiti 160 hadi 32. Watu husifia sana msimbo ulioandikwa. Mimi nikikutana na mtu aliyefuta faili nzima na mfumo ukabaki kufanya kazi ile ile, huyo ndiye nitamnunulia chai.

Kihesabio kipya kinafanyaje bila kufuli? Badala ya kusoma, kulinganisha, kisha kuongeza, chenyewe huongeza kwanza kwa amri ya atomiki, yaani amri ambayo prosesa nyingine haiwezi kuikatiza katikati. Baada ya kuongeza ndipo hutazama: je, tumevuka kikomo? Kama tumevuka, hutoa kile ilichoongeza na kurudi na jibu la hapana. Ni kama mtu anayeingia matatu kwanza ndipo atazame kama kuna kiti.

Msomaji makini atauliza: na kama mtu mnene akiingia, akakosa kiti, na wakati anageuka kutoka, mwembamba aliyekuwa nyuma yake akaambiwa gari limejaa ilhali yeye angetosha? Hilo hutokea kweli. Ombi kubwa linaweza kwa kitambo kidogo kuziba nafasi ya ombi dogo. Maelezo yaliyo ndani ya msimbo hayalifichi hata kidogo. Yanasema wazi kwamba inaweza kutokea, na kwamba ukubwa wa kosa hauzidi tofauti kati ya maombi hayo mawili, yaani chini ya megabaiti 2 au 4 kulingana na mashine, pale ukurasa mkubwa unapoziba ukurasa wa kawaida. Wakaupima uzembe wao, wakaandika kipimo chake, wakaendelea na kazi. Sijui ni mara ngapi nimekaa kwenye mikutano ya kubishana juu ya usahihi kamili wa kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekipima.

Mwaka 2022, katika 6.1, kulikuwa na marekebisho madogo ambayo nayataja kwa sababu ni ya kuchekesha: walipanga upya mpangilio wa sehemu za page_counter. Idadi inayoandikwa kila mara ilikuwa jirani na sehemu ambazo husomwa tu, kwenye mstari mmoja wa kache. Kila aliyeandika aliwasumbua waliotaka kusoma tu. Wakawatenganisha majirani, na kasi ikapanda. Hesabu yenyewe haikubadilika hata kidogo.

Kufikia hapo kurasa za programu zilikuwa zinahesabiwa vizuri. Ila keneli yenyewe pia hutumia kumbukumbu kwa niaba yako: kila faili unalofungua na kila soketi ina rekodi ndogo ndani ya keneli. Vitu hivi ni vidogo kuliko ukurasa, kwa hiyo hupangwa vingi pamoja kwenye ukurasa mmoja. Kabla ya 2020, kila kikundi kilikuwa na kurasa zake za vitu hivi, visichanganyike na vya jirani, ili hesabu iwe nyepesi. Matokeo yake ni kila familia kukodi matatu yake ya watu kumi na wanne kwenda harusini, hata kama ni baba, mama na mtoto. Seva yenye makontena mengi madogo ilijaa kurasa zilizo nusu tupu.

Roman Gushchin, akiwa Facebook, alibadilisha hilo, na kazi yake ikaingia 5.9 Oktoba 2020. Vikundi vyote sasa hupanda gari moja, na kila abiria ana tiketi yenye jina la anayemlipia. Hesabu ikashuka kutoka ukurasa hadi kitu kimoja kimoja, kwa baiti. Kwenye seva zao, kumbukumbu ya aina hii ilipungua kwa wastani wa asilimia 35 hadi 45. Nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani nimelielewa vibaya, kwa maana tulizoea kwamba hesabu ya kina hugharimu zaidi. Hapa ilikuwa kinyume: hesabu ya juujuu ndiyo iliyokuwa inakula nafasi, kwa sababu ili iwe rahisi ililazimisha vitu vikae mbalimbali. Bila shaka kuandika kila kitu kidogo kungekuwa kwa polepole sana, na wakatumia tena floti, safari hii ya baiti.

Mpaka hapa nimezungumzia kikomo. Kuna daftari la pili: takwimu. Zile unazoziona ukifungua memory.stat, kiasi gani ni cha faili, kiasi gani ni cha programu, na kadhalika. Hizi haziui mtu, ni za kutazamwa tu. Hata hivyo zilisumbua zaidi kuliko kikomo. Njia ya zamani iliacha kila prosesa ibaki na mabadiliko yasiyozidi kurasa 32 kabla ya kuyapeleka juu. Piga hesabu: prosesa 32 mara kurasa 32 mara baiti 4096 ni megabaiti 4 kwa kikundi. Mzazi mwenye watoto mia anaweza kukosea kwa megabaiti 400, na hapa kosa linaweza kwenda upande wowote. Mwaka 2021, katika 5.13, wakahamia njia nyingine: kila prosesa huandika kwake, hukumbuka tu ni vikundi vipi vimebadilika, na majumlisho hufanywa pale mtu anapotaka kusoma. Pia kuna kazi ya nyuma inayojumlisha kila sekunde mbili.

Kuandika kukawa rahisi. Lakini gharama haikupotea, ilihamia kwa msomaji. Hili nimelishuhudia kwa macho. Kwenye seva moja tuliyoihudumia, programu tatu tofauti za uangalizi zilikuwa zinasoma memory.stat ya kila kontena kila sekunde. Nilipoiwekea perf, sehemu ya muda wa keneli iliyokuwa ikishindana kileleni ilikuwa hiyo hiyo ya kujumlisha takwimu. Tulikuwa tunaichosha mashine kwa kuiuliza kama imechoka. Tukabakiza programu moja, inayosoma kila sekunde kumi na tano, na hakuna grafu tuliyoikosa. Keneli nayo imeboreka: tangu 6.8, Machi 2024, uamuzi wa kujumlisha hutazama kama kikundi chenyewe kimebadilika vya kutosha, badala ya kipimo kimoja cha mashine nzima.

Na floti bado inaendelea kunolewa. Kwa miaka yote hiyo kila prosesa iliweza kushika floti ya kikundi kimoja tu kwa wakati. Ikihudumia kontena la kwanza kisha la pili, ilirudisha ya kwanza ndipo ichukue ya pili. Seva za siku hizi hubadilisha kontena kila kukicha, kwa hiyo kwenye kazi nyingine faida ilikuwa inapotea. Mwaka 2025 Shakeel Butt akaiwezesha prosesa kushika za vikundi saba kwa pamoja.

Sasa lile linalokuhusu wewe unayeweka vikomo kwenye makontena. Kumbuka kwamba floti hutolewa kwa fungu. Kikundi kikiwa karibu na memory.max kiasi kwamba fungu zima halitoshi, keneli huacha fungu na kuomba ile idadi kamili iliyotakiwa. Maana yake, kontena lililobanwa sana hurudi katika maisha ya kabla ya 2009: kila ukurasa ni safari ya kihesabio kikuu, floti zinaitwa nyumbani mara kwa mara, na keneli inahangaika kufukua kurasa za zamani ili kupata nafasi. Kontena halifi, hivyo hakuna 137 wala kengele. Linakokota miguu tu, na watu wanailaumu hifadhidata.

Kulikamata ni rahisi. Nenda kwenye saraka ya kikundi hicho chini ya /sys/fs/cgroup, usome faili la memory.events. Wengi hutazama oom_kill, wakikuta sifuri wanaondoka wameridhika. Tazama mstari unaosema max. Huo huhesabu mara ambazo matumizi yalitaka kupita kikomo yakazuiwa. Usome, subiri dakika moja chini ya mzigo wa kawaida, usome tena. Kama namba inakimbia, ongeza kikomo kidogo kwanza, ndipo uanze kugusa msimbo wa programu.